Aliyechukuliwa Ukutani

Bango lilipopandishwa ukutani mwa duka siku ya Alhamisi, Emelyne alivuka barabara kwa makusudi, akasimama upande wa pili karibu na muuza vocha, akajitazama. Alitaka kujiona jinsi mji wa Mpanda utakavyomwona. Akajiona, mkubwa kuliko mlango wa duka, mkubwa kuliko hata tangazo la simu lililokaa pale jirani miaka nenda rudi. Alikuwa mzuri. Tuseme ukweli kabla hatujaanza kumsema mtu: msichana yule wa ukutani alikuwa mzuri kupita kiasi, na shida yote ilikuwa hapo.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Emelyne amelala sakafuni, kichwa kimeegemea kochi la ngozi, gauni jekundu la kitenge limetawanyika kila upande. Juu yake ameinama mwanamume wa suti. Mkono mmoja umemshika Emelyne shingo, mwingine umeshika mkanda uliokunjwa. Jicho la kushoto la msichana limevilia damu, rangi ya zambarau, na pembeni ya mdomo unashuka uzi mwembamba mwekundu uliochorwa kwa uangalifu mno. Chini yake, kwa herufi za dhahabu, yameandikwa maneno haya: PASKA MITINDO. UKIVAA HII HAKUACHI.

Aliyebuni mambo hayo ni Japhet, mpiga picha, kijana wa hapahapa aliyekaa Dar es Salaam miaka miwili akarudi na kofia ambayo haivui hata akiwa mezani. Ndiye aliyempaka Emelyne jicho lile. Alilipaka vizuri, akalichanganya na poda ya kung'aa, mpaka ukilitazama unashindwa kujua kama ni jeraha au ni urembo. Hapo ndipo alipokuwa anapataka. Mwenye duka, Paskalia, aliiangalia picha ya majaribio kwenye simu, akauliza kama si kali sana. Japhet akamwonyesha nyingine, za wazungu, za mabegi na manukato na viatu virefu, wanawake wamelazwa kwenye buti za magari na kwenye ngazi kama watu waliokwisha kufa, na viatu bado miguuni.

"Watu watasimama, Dada Paska," alisema. "Ukitaka wasisimame, nitampiga akitabasamu na maua."

Paskalia si mtu wa kuogopa. Alianza na mitumba chini kwenye turubai, leo ana duka la vioo katikati ya mji na mafundi wake mwenyewe. Alitaka watu wasimame. Akasema haya, piga.

Emelyne naye hakulazimishwa na mtu, lazima hilo lisemwe. Alikuwa muuzaji namba moja wa duka lile, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye mdomo mwepesi, anayeweza kumuuzia gauni mama aliyeingia kuomba chenji. Paskalia alikuwa anafungua tawi kule Mamba, ambako watu wakishavuna mpunga wanataka kuvaa, na alikuwa amemwambia waziwazi: uzinduzi wa magauni mapya hapa mjini Jumamosi ukijaza watu, tawi la Mamba ni lako, utalisimamia wewe. Emelyne alilitaka tawi lile usingizini na macho wazi. Kwa ajili ya Mamba angelala hata juu ya kokoto. Siku ya kupiga picha alilala juu ya vigae vya nyumba ya wageni tangu asubuhi, na kilichomchosha zaidi ni Audace, yule mwanamume wa suti, fundi wa pikipiki wa Misunkumilo aliyechaguliwa kwa sababu ya mabega yake. Kila Japhet alipomwambia akaze mkono, Audace alikuwa anamwinamia Emelyne na kumuuliza kwa Kirundi kama amemwumiza. Wote wawili ni watoto wa Katumba, makazi ya Warundi nje ya mji. Emelyne alicheka, Japhet akawafokea kwamba wanamharibia hisia.

Basi Alhamisi bango likapanda. Ijumaa Emelyne akalipiga picha kwa simu, akaituma nyumbani kwa mama yake, Libérate, na maneno matatu: Mama, niko mjini. Libérate hakujibu. Emelyne akasema labda simu haina chaji.

Jumamosi asubuhi spika zilikuwa zimeshatolewa nje, mshereheshaji anajaribu kipaza sauti, maputo yamefungwa kila mahali, na Emelyne amevaa gauni lilelile jekundu la kwenye picha. Watu wameanza kusogea. Hapo akawaona mama zake wawili wakishuka upande wa pili wa barabara, wamevaa mavazi yao ya heshima, kitambaa kimefungwa fundo begani kama wanakwenda kutoa binti. Aliyetangulia ni Mama Mkubwa Annonciata, mrefu, mkavu, hageuki nyuma. Aliyemfuata ni Mama Mdogo Apollinarie, mnene na mwenye huruma, amebeba mkeka kwapani.

Emelyne alidhani wamekuja kumpongeza. Akawakimbilia mikono wazi.

Annonciata alimshika kidevu, akamgeuza uso kushoto, akaliangalia jicho lake zima, akamwachia. Akavuka barabara hadi chini ya bango, akaonyesha mahali kwa kidole. Apollinarie akatandika mkeka. Wakakaa, wakanyoosha miguu, wakatulia.

Emelyne akashusha mikono. Mkeka ule aliujua.

Kwao, mwanamke akipigwa kwa mumewe, mama yake mzazi haendi. Mama hubaki nyumbani, atandike kitanda na kuchemsha maji. Wanaokwenda ni dada za mama. Hawagombi, hawabishi hodi. Wanatandika mkeka mbele ya nyumba ya mwanamume na kukaa, na hawaonji chochote cha nyumba ile mpaka mwanamume atoke na pombe, apige magoti, aseme mbele ya watu mke wake alikosa nini. Akiwa na la kusema, wazee wanalipima, na wazee wengi wamewahi kupima vibaya. Akiwa hana, binti anaulizwa jambo moja tu: unabaki au unarudi? Atakalojibu halipingwi na mtu yeyote, hata baba yake. Emelyne alikuwa na umri wa miaka minne wakati wanawake hawa wawili walipokuja kumchukua mama yake namna hiyohiyo. Libérate alijibu narudi. Yule mwanamume hakutoka hata ndani, na Emelyne hajamwona mpaka leo.

Akachuchumaa kando ya mkeka, akasema chinichini, "Mama Mkubwa, ile ni picha."

"Tunajua ni picha," Annonciata alisema. "Unafikiri Katumba hakuna simu?"

"Sijapigwa. Ni rangi. Niangalie."

"Wewe nimekuangalia. Sijaja kwa ajili yako, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya yule." Hakuinua hata uso kulionyesha bango. "Yule kapigwa, na anachekewa na mji mzima, na hana mtu. Sisi ndio watu wake."

"Mtaniharibia kazi. Leo ni siku kubwa."

"Endelea na kazi yako. Sisi tumekaa kimya, hatujamgusa mtu."

Na kweli walikuwa wamekaa kimya. Kimya kile kilikuwa na kelele kuliko spika. Wanawake waliokuja kuona magauni wakawakuta wazee wawili chini ya bango wakawasalimia, maana huwezi kumpita mzee aliyekaa chini bila salamu, na wakishasalimia wakauliza kulikoni, na Apollinarie akawaeleza kwa upole, kwa kila aliyeuliza, kwamba wamekuja kumchukua binti yao aliyepigwa. Yupi? Huyo hapo juu. Watu wakainua macho. Pengine wengine walikuwa wameshapita pale tangu Alhamisi bila kuona kitu zaidi ya gauni. Sasa wakaona. Mmoja akacheka, mwingine akakaa chini. Baada ya muda mkeka ulijaa, wengine wakatandika kanga zao, na mshereheshaji akabaki anaimba peke yake mlangoni.

Emelyne alisimama katikati ya mlango na barabara, uso umemwiva kwa aibu. Alikuwa amewakasirikia. Alitamani ardhi ipasuke iwameze wao na mkeka wao, na papo hapo aliona haya kwa kutamani hivyo. Aliiona Mamba ikiondoka hivihivi, duka lake ambalo alishajua hata rangi ya mapazia yake.

Paskalia alitoka na soda baridi na doti mbili za kitenge kipya, akapiga goti kidogo kama inavyopasa, akawaamkia. Waliitikia vizuri. Soda hawakuipokea, kitenge hawakukigusa.

"Mama zangu, karibuni ndani basi. Jua kali."

"Ahsante, mwanangu," alisema Annonciata. "Nyumba iliyompiga binti yetu hatuingii. Tunamsubiri mwanamume."

"Mwanamume yupi tena?"

"Huyo wa suti."

Paskalia alicheka, akatazama watu wacheke naye. Waliocheka walikuwa wachache, na wote wanaume. Akaacha kucheka, akamwita Japhet.

Japhet alikuja na kofia yake na subira ya mtu anayewaeleza watoto. Alisema, "Bibi, hii ni sanaa. Ni fasheni. Huko Ulaya majarida makubwa yote wanapiga hivi."

"Huko Ulaya hawana mama wakubwa?" Annonciata aliuliza.

Watu wakaangua kicheko, na Japhet akapandisha kofia. "Namaanisha hakuna kilichotokea. Ni hisia tu. Ni mapenzi makali."

"Sawa. Alikosa nini?"

"Nani?"

"Binti. Mpaka mkanda ukavuliwa, alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, bibi. Ni picha."

"Basi kapigwa bure."

"Hajapigwa."

"Mwangalie jicho," alisema Annonciata, "halafu uniambie tena."

Japhet aliangalia jicho alilolipaka mwenyewe. Sijui kama aliona kitu, lakini alinyamaza, na kwa mtu wa aina yake hilo nalo ni jambo.

Ndipo ilipofika pikipiki. Audace alikuwa amevaa ovaroli lake la gereji, mikono imejaa oili, na nyuma ya kiti amefunga dumu la pombe ya ndizi kwa mpira. Kumbe picha ilikuwa imefika kwa mama yake pia, kwa sababu kule Katumba picha ikifika kwa mmoja imefika kwa wote, na mama yake alimpigia simu asubuhi hiyo akamwambia maneno machache: nimeuona mkono wako, nenda kapige magoti. Audace angeweza kumwambia kwamba ni kazi tu, ni igizo. Alimwambia. Mama yake akamuuliza, mkono ni wako au si wako? Basi fundi mzima wa watu akaacha injini imefunguliwa mezani, akaenda kutafuta pombe ya kuombea msamaha kosa ambalo hakulifanya.

Alilishusha dumu mbele ya mkeka, akapiga magoti kwenye vumbi. Mshereheshaji akazima muziki bila kuambiwa na mtu.

"Karibu, mwanangu," Annonciata alisema. "Sema. Mke wako alikosa nini?"

Audace alifikiri. Ilionekana kabisa kwamba anafikiri kweli, anatafuta sababu ndani ya ile picha, kwa nini yule mtu wa suti alivua mkanda.

"Mimi sijui, mama," alisema hatimaye. "Hawakuniambia. Waliniambia nikaze."

Wanaume waliosimama pembeni wakataka kumsaidia. Mmoja akapaza sauti kwamba labda alichelewa kupika. Watu wakacheka. Mwingine akasema labda alijibu. Mwingine akasema labda kauza mahindi bila kuuliza. Wa nne akasema labda gauni lilikuwa fupi, na vicheko vikazidi, ukawa mchezo, kila mtu anatupia kosa lake, na makosa hayakuwa na mwisho. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, ambaye hakuna aliyemjua pale, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Au labda chakula kilikuwa tayari na kila kitu kilikuwa sawa."

Hakuna aliyecheka tena. Mtoto wake alilia kidogo, akambembeleza. Emelyne alimtazama mwanamke yule na mikono yake mirefu ya gauni kwenye joto lile la Oktoba, akatazama wengine waliokaa, na akawaona walivyoinamisha vichwa. Hao ndio aliokuwa akiwauzia. Hao ndio waliokuwa waone jicho lile kila wakija sokoni, limepakwa poda ya kung'aa, na maneno ya dhahabu chini yake. Hasira aliyokuwa nayo kwa mama zake ikahama, ikatafuta pa kukaa, na kwanza ikakaa kwake mwenyewe.

"Emelyne," aliita Annonciata. "Mwenzako hawezi kusema, wamemfunga mdomo kwa damu. Msemee. Anabaki au anarudi?"

Paskalia alimwangalia. Hakumkonyeza wala kumtisha, alimwangalia tu, na Emelyne akaiona Mamba yote ndani ya macho yale. Angeweza kusema anabaki. Angecheka, angegeuza jambo kuwa mzaha, mdomo alikuwa nao. Wazee wangekunja mkeka wao waondoke bila neno, kwa sababu ndiyo desturi.

"Anarudi," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Yule arudi nyumbani leo hii. Mimi ninabaki kazini kwangu, kama kazi bado ipo. Uso ni wangu, Dada Paska. Nilikupa mwenyewe, hukuniibia. Nilipendeza nikafurahi, nisikudanganye. Lakini sitawauzia hawa magauni nikiwa nimelala vile juu ya vichwa vyao. Kama Mamba ni kwa ajili ya picha ile, mpe mwingine."

Paskalia aligeukia mlangoni. Alitazama ndani ya duka lake, lililojaa magauni lakini halina watu. Alitazama nje, wateja wake wote wamekaa chini kwenye vumbi pamoja na mama wawili wa Katumba. Tusimpambe kwa wema ambao hatukuuona. Alikuwa mfanyabiashara hodari, na hodari anajua siku iliyoharibika.

"Leta ngazi," alimwambia Japhet.

"Dada Paska, ile ni kazi ya wiki nzima."

"Leta ngazi, Japhet."

Audace ndiye aliyepanda, maana alikuwa na koleo mfukoni. Alikata nyaya moja baada ya nyingine, na bango likaanguka taratibu, likajikunja, uso wa Emelyne ukapotea ndani. Wanawake walilipokea kwa mikono kabla halijagusa chini. Annonciata akaamuru pombe igawiwe, kwa kuwa aliyeileta ameileta kwa heshima na hakuna sababu ya kuiadhibu pombe. Hata Japhet alipewa kikombe. Paskalia alimpita Emelyne akielekea ndani.

"Umeniharibia siku yangu."

"Nimekuharibia, Dada."

"Jumatatu uje mapema. Mamba tutaongea." Na hakusema kama wataongea vizuri au vibaya.

Wakambeba. Annonciata mbele, Apollinarie nyuma, na katikati wanawake ambao hawakuwa hata na safari ya upande ule, bango limeviringishwa mabegani mwao, wakapita mtaa wa soko mpaka kwenye magari ya Katumba. Watu waliwapisha na wengine wakavua kofia, wakidhani ni msiba. Wakiulizwa wanabeba nini, wanajibu binti yetu, tunampeleka kwao. Emelyne aliwasindikiza mpaka gari likaondoka, kisha akarudi dukani akauza magauni mpaka jioni, na aliuza mengi.

Jua lilipokuwa linazama alimpigia mama yake.

"Amefika," alisema Libérate kabla ya salamu.

"Mama, nisamehe. Nilikutumia bila kufikiri."

"Amefika salama. Nimemtandaza kitandani kwako, kajaa mpaka ukutani. Maji nilikuwa nimeshachemsha. Nikachukua kitambaa nikamkanda jicho, kwa maji ya vuguvugu, hivi, taratibu. Nimekanda weee. Halitoki."

"Mama. Ni picha, imechapwa. Haiwezi kutoka."

"Najua ni picha, mwanangu. Nilijua tangu jana. Lakini nilipoliona nikakaa nikalikanda. Hata mimi sijui."

Emelyne hakuwa amelia siku nzima, mbele ya mji wote. Sasa alikaa kwenye ngazi za duka, gauni jekundu likiwa na vumbi mpaka magotini, akalia. Libérate alimsubiri amalize. Kisha akamuuliza kama amekula.